Kabla ya dawa, pima joto: chatu anapoumia kidogo

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, nyoka wa kufugwa maana yake ni chatu, na anayemfuga mara nyingi ni mtu wa ngoma. Wasukuma waliohamia Biharamulo na ng'ombe wao hawakuziacha ngoma zao Mwanza na Shinyanga, na miongoni mwa ngoma hizo zimo za chatu, ambaye huviringishwa shingoni na kuinuliwa juu mbele ya watazamaji. Buyeye, chama cha wacheza nyoka ambacho wanachama wake ni Bayeye, ni cha zamani kiasi kwamba Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa mila katika serikali ya Tanganyika, alikiandikia makala mwaka 1946. Ujuzi wa Bayeye unajulikana zaidi kwa upande mmoja: nyoka akimuuma mtu, mtu huyo atibiweje. Mwongozo huu unageukia upande wa nyoka. Chatu akichubuka, akiungua kidogo au aking'atwa na panya, mwenye chatu afanye nini? Jibu nitakalolitetea ni kwamba jeraha dogo la chatu hupona au huoza kutokana na mahali anapolala. Dawa inakuja baadaye, tena kwa kiasi kidogo kuliko watu wanavyodhani.

Sheria kwanza, maana ndiyo itakayoamua kama uendelee kusoma. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kukaa na chatu bila kibali ni kosa, hata kama ulimwokota shambani akiwa mdogo ukamlea vizuri. Chatu wa mwituni aliyekatwa kwa jembe au kuunguzwa na moto wa nyika si wako kumtibu. Wazuie watu wasimuue, kaeni mbali, kisha mpe taarifa Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yalifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019, kwa hiyo watu wa uhifadhi hawako mbali kama wengi wanavyofikiri. Na yote yanayofuata hapa ni ya chatu peke yake. Kwa swila, kifutu au koboko hakuna jeraha dogo la kushughulikia nyumbani. Hata mchubuko mmoja ni kazi ya mtaalamu, kwa sababu atakayeumia zaidi ni wewe.

Sasa hoja yenyewe. Ng'ombe, mbuzi na mbwa hutengeneza joto lao ndani ya mwili. Mlaze mbwa mwenye kidonda mahali pa baridi, damu yake itabaki kwenye nyuzi 38 na kinga ya mwili itaendelea na kazi. Chatu huazima joto kutoka nje. Sanduku likiwa na nyuzi 18, baada ya saa chache naye atakuwa karibu na nyuzi 18, na kila kitu mwilini mwake kitaenda polepole: mzunguko wa damu, usagaji wa chakula, chembe zinazopambana na vijidudu, hata zile zinazoziba ngozi. Bakteria wanaoshambulia vidonda vya nyoka, wengi wao wakiwa ni wa majini na udongoni, hawazuiwi na baridi ya namna hiyo. Ushahidi upo tangu zamani. Mwaka 1975 Matthew Kluger na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba mijusi wa jangwani walioambukizwa bakteria walipona zaidi walipowekwa kwenye joto la juu, na walikufa kwa wingi pale joto hilo walipolikosa. Mjusi si chatu, na joto walilopewa mijusi wale lingemuua chatu. Lakini kanuni ni ileile: mnyama huyu hana homa yake mwenyewe, homa yake ni mahali anapokwenda kujilaza.

Lete kanuni hiyo Kagera. Vilima vya Ngara vinapita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya usiku wa Juni na Julai wenyeji wanaijua. Biharamulo iko chini kidogo, ila alfajiri ya kiangazi nako si ya kujifunua blanketi. Na miezi hiyohiyo, mavuno yakishaingia ghalani, ndiyo miezi ya ngoma. Chatu hutiwa kwenye kiroba, husafirishwa kwa bodaboda au juu ya gari la mizigo, huchezeshwa mchana juani na vumbini, kisha usiku hurudishwa kwenye sanduku la mbao lililowekwa juu ya sakafu ya saruji. Anapata michubuko mingi zaidi katika msimu ambao mwili wake una uwezo mdogo zaidi wa kuiponya. Ndiyo maana mwenye chatu anaweza kupaka dawa nzuri kila asubuhi kwa wiki tatu na kidonda kikazidi kuwa cheusi, akaishia kulaumu dawa au jirani.

Utaambiwa kwamba porini hakuna kipimajoto wala sanduku, na chatu wa huko wana makovu ya kwato na meno mwili mzima. Ni kweli wana makovu. Ila tunaowaona ni waliopona. Walioshindwa waliozea kichakani na hakuna aliyewahesabu. Zaidi ya hapo, chatu wa porini ana uchaguzi. Asubuhi huota jua juu ya jiwe, usiku huingia kwenye shimo la mhanga au kichuguu kinachotunza joto, akitaka maji huenda mtoni. Anayemfungia sandukuni amemnyang'anya uchaguzi huo wote, na anadaiwa kuurudisha.

Kuurudisha si gharama kubwa. Upande mmoja wa sanduku uwe na nyuzi 30 hadi 32, upande wa pili 25 hadi 27, ili chatu achague mwenyewe, na usiku joto lisishuke chini ya 24. Vipimajoto vya mashine za kutotolesha vifaranga, vinavyouzwa kwenye maduka ya pembejeo na dawa za mifugo, vinatosha kabisa. Kipimajoto usikitundike ukutani. Kilaze sakafuni, pale tumbo linapogusa. Penye umeme, balbu ya kulelea vifaranga itumike ikiwa nje ya wavu, mahali ambapo chatu hata akinyoosha kichwa haifikii. Pasipo umeme, tumia madumu ya lita tano yaliyojazwa maji ya moto, yapangwe nje ya sanduku yakigusana na ukuta wa upande mmoja, kisha funika vyote kwa blanketi zito ukiacha matundu ya hewa wazi. Badilisha maji kabla ya kulala na tena alfajiri. Jiko la mkaa lisiingie kwenye chumba kilichofungwa: hewa yake itamuua chatu, na wewe usiku uleule. Na sanduku lisiwekwe juani likiwa limefungwa, hata kwa nusu saa. Jua la asubuhi ni zuri kwa chatu aliye nje, akiwa na kivuli cha kukimbilia na mtu wa kumwangalia.

Ukishaweka joto sawa, mkague. Chatu halii wala hachechemei, kwa hiyo anayesubiri dalili ya maumivu atachelewa. Ukaguzi ufanyike kila baada ya ngoma, na mara moja kwa wiki hata kama hakuna ngoma. Chatu aliyezidi mita mbili na nusu asishikwe na mtu mmoja, hata awe mpole namna gani. Mwenzako ashike kichwa, nawe utegemeze mwili usining'inie. Anza puani. Chatu anayetafuta njia ya kutoka husugua pua kwenye wavu usiku kucha, na dalili ya kwanza ni gamba la mbele kupoteza mng'ao na kuwa jeupejeupe. Baadaye linakuwa jekundu, kisha linatoka. Likiwa bado jeupe, tiba yake ni kuziba wavu kwa ubao laini na kumpa chatu mahali pa kujificha, basi. Kutoka puani pitisha kidole taratibu kuelekea mkiani, kisha mgeuze kwa awamu utazame magamba mapana ya tumboni, ambako ndiko mambo mengi hufichika: wekundu, lengelenge, gamba lililoinuka pembeni, mahali panapotoa majimaji. Angalia pia chini ya kidevu na katikati ya magamba kama kuna kupe, na tazama maji ya kunywa kama kuna vidoti vyeusi vilivyozama. Vidoti hivyo ni utitiri wa nyoka, na majeraha yake madogomadogo hufungulia mlango magonjwa makubwa.

Kuna hali moja inayowatisha watu bure. Wiki moja hivi kabla ya kujivua gamba, macho ya chatu hupata ukungu wa buluu, rangi yake hufifia na tumbo huweza kuwa na wekundu hafifu. Hajapofuka wala hajaungua. Wekundu wa kujivua umetandaa sawasawa tumbo zima; wa kuungua umekaa mahali pamoja, una mpaka, na ukiugusa chatu anajikunja. Katika siku hizo usimcheze na usimkague zaidi ya lazima. Gamba likitoka vipandevipande, mloweke ndani ya ndoo pana yenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 28 hadi 30 kwa dakika ishirini au thelathini, kichwa kikiwa juu ya maji, kisha mwache apenye kwenye taulo lililoloa. Msuguano utamaliza kazi. Kipande kilichobaki kwenye jicho usikibandue kwa kucha, maana chini yake kuna gamba jipya linalolinda jicho, na ukilitoa hilo umemtoa jicho. Pete ya ngozi iliyobaki kwenye ncha ya mkia, kinyume chake, ishughulikiwe mapema, kwa kuwa huibana damu na ncha hunyauka.

Mchubuko au mkwaruzo wa juujuu husafishwa hivi. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Nyunyizia kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukielekeza maji kutoka kichwani kwenda mkiani, kwani ukielekeza kinyume unausukuma uchafu chini ya magamba. Kisha tumia ayodini ya kusafishia vidonda inayouzwa duka la dawa, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Ikiwa kali huunguza nyama changa. Subiri dakika chache, kausha kwa gozi kwa kugusagusa, usisugue. Mara nyingi inatosha. Kidonda kilichopoteza gamba kinaweza kupakwa krimu ya kuungua yenye madini ya fedha, ambayo maduka mengi ya dawa huwa nayo, kwa tabaka jembamba mara moja kwa siku. Usifunge bendeji: itaroa, itavuta uchafu, na chatu akijiviringisha itambana. Ondoa maranda, majani na mchanga sandukuni, tandika magazeti, na yabadilishwe kila yanapochafuka. Chombo cha maji kiwe kidogo, cha kunywea tu, asije akalowesha kidonda kutwa. Ukimaliza nawa kwa sabuni, na watoto wadogo wasiguse sanduku, kwa kuwa nyoka wenye afya kabisa hubeba salmonela.

Kuungua ni tofauti na kunastahili tahadhari zaidi. Chatu ana udhaifu wa ajabu: anaweza kulala juu ya kitu kinachomuunguza bila kuondoka, na magamba ya tumbo hayaonyeshi madhara papo hapo. Leo ni wekundu kidogo, keshokutwa ni malengelenge. Ukigundua mapema, mimina maji ya kawaida, yasiwe ya barafu, kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Lengelenge usilipasue. Krimu niliyoitaja inafaa hapa, lakini eneo likizidi kiganja cha mkono wa mtoto usilihesabu tena kuwa jeraha dogo. Kung'atwa na panya kunakingika kirahisi zaidi: lisha mnyama aliyekwisha kufa. Panya hai aliyeachwa sandukuni na chatu asiye na njaa ataanza kumla chatu mgongoni, naye mara nyingi hatajitetea. Tundu la jino la panya huonekana dogo huku uchafu umeingia ndani, hivyo lioshe kwa wingi na ulifuatilie kwa wiki mbili. Panya aliyekufa kwa sumu asitumike kamwe.

Kidonda kikiwa katikati ya mwili, acha kulisha mpaka kifunge. Mlo mkubwa huinyoosha ngozi na kukifungua upya, na chatu mzima mwenye afya anavumilia wiki kadhaa bila chakula. Maji tu asikose.

Pingamizi zito linatoka kwa wafugaji wenyewe: sindano ya ng'ombe ya kuua vijidudu ipo kabatini, kwa nini usubiri? Kwa sababu mbili. Kwanza, dozi na muda haviendi kwa uzito peke yake. Zipo dawa ambazo mbwa hupewa kila siku na nyoka hupewa kila baada ya siku mbili au tatu, kwa vile mwili wake huzitoa polepole. Anayemchoma kila siku anarundika sumu kwenye figo. Pili, dawa yenyewe husambazwa na damu, na damu ya chatu aliyepoa haiendi mbio. Tunarudi kwenye joto. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe ni hatari zaidi, kwani imepimwa kwa ngozi na mwili wa ng'ombe. Kupe wa chatu ng'oa kwa kibano, ukimshika karibu na ngozi na kuvuta moja kwa moja, kisha paka ayodini. Utitiri pambana nao kwa kumuogesha chatu maji vuguvugu, kuchoma magazeti na kuliosha sanduku kwa maji yanayochemka, tena na tena. Ukikataa kuisha, muulize daktari wa mifugo dawa na kipimo.

Spiriti haina nafasi kwenye kidonda kibichi. Ile dawa ya zambarau siipendi kwa sababu ya kawaida kabisa: inaficha rangi, na rangi ndiyo inayokwambia kama kidonda kinapona. Majivu na tumbaku huganda chini ya magamba na kuunguza. Asali, kwa upande wake, si ushirikina. Ina uwezo halisi wa kuzuia bakteria, na hospitali mbalimbali duniani huitumia kwenye vidonda. Tatizo ni sisimizi. Sanduku lenye harufu ya asali kwa usiku mmoja linaweza kumletea chatu majeraha mia moja mapya, na siafu wakifika hakuna tena cha kutibu.

Mpaka wa jeraha dogo uuchore mapema, kabla huruma au aibu haijaingia. Ukiona nyama chini ya ngozi, damu isiyokoma baada ya kubana kwa dakika kumi, chatu anayepumua mdomo wazi, mdomo wenye uteute au madoa ya njano, utumbo uliotoka nyuma, au mwili usiojigeuza unapomlaza chali, mfikishe kwa daktari wa mifugo. Vivyo hivyo kinundu kigumu chini ya ngozi. Usaha wa nyoka hauwi majimaji kama wa mbuzi, huganda ukawa mkavu, na kukikamua kunaupeleka ndani. Hutolewa kwa kupasua, na kupasua si kazi yako. Daktari wa wilaya atasema hajawahi kumtibu nyoka, na pengine ni kweli. Mpelekee picha za simu za kila siku mbili, zilizopigwa kwa mwanga uleule na rula ikiwa pembeni, uzito wa chatu uliopimwa ndani ya kiroba kwa mizani ya kuning'iniza, na joto la sanduku la usiku na mchana. Kwa taarifa hizo anaweza kushauriana na wenzake, wakiwemo wa hospitali ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Bila hizo hata bingwa atabahatisha.

Litabaki pingamizi la mkono mtupu: ngoma ni Jumapili, watu wamelipa, na mchubuko ni mdogo. Mwenye kikundi ana haki ya kulifikiria tumbo lake. Lakini ngozi ya nyoka huchukua wiki, si siku, na kovu husawazika baada ya kujivua gamba mara mbili tatu. Vumbi, jasho na mikono ya watazamaji wa siku moja vinaweza kurudisha kazi yote mwanzo. Chatu mwenye kidonda kilicho wazi asichezwe. Na kabla hata hajaumia, nenda na kibali chako ofisi ya mifugo ya wilaya, Ngara au Biharamulo, ujitambulishe na uwaeleze kwamba unafuga chatu, ili siku utakapompeleka mgonjwa wasianze kwa kukimbia.